Protini Unayoinunua Inaishia Wapi? Namna ya Chakula na Saa za Kulisha Poni na Punda

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya wenye farasi wa ufukweni, wenye punda wa mikokoteni na vijana wanaowatunza. Tumeiandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu, akina mama, vijana wa Nyali na Bamburi mnaoshinda juani na farasi, na nyinyi wenye punda mliotoka Likoni, Kisauni na Changamwe: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nianze na swali. Gunia la mashudu, yale makapi ya mbegu au nazi iliyokamuliwa mafuta, ulilobeba juzi kutoka dukani, umelilipia kwa sababu gani? Mtu atanijibu: protini. Poni, yaani farasi wa umbo dogo, ajenge nyama, mgongo ujae, kwato ziote imara. Vyema. Sasa swali la pili, na hili ndilo lililotukusanya leo: protini hiyo ikishamezwa, inaishia wapi? Katika misuli ya mnyama wako, au katika mkojo wake?

Maana yawezekana kabisa kumpa poni protini ya kutosha kila siku, na mgongo wake ukazidi kutoka mifupa. Gramu zipo, pesa imetoka, nyama haipo. Basi tusiulize tu nimetia gramu ngapi kwenye hori. Tuulize ni gramu ngapi zimevunjwa na kufyonzwa kabla ya kufika utumbo wa nyuma.

Kwanza tumjue mnyama tuliye naye. Poni si ng'ombe. Punda si ng'ombe. Narudia kwa sababu makosa mengi ya ulishaji hapa pwani yanaanzia hapo: poni si ng'ombe!

Ng'ombe ana vijidudu mbele, ndani ya tumbo kubwa. Vijidudu vile hula nyasi, huzaliana, kisha wao wenyewe husukumwa hadi utumbo mwembamba, ambako humeng'enywa na kuwa protini ya ng'ombe. Kwa poni mpango umegeuzwa. Chakula hupita kwanza katika mfuko wa tumbo, kisha utumbo mwembamba, na hapo ndipo vimeng'enya vinapoikata protini kuwa asidi amino, vile vipande vidogo vinavyojenga nyama, na kuziingiza katika damu. Vijidudu viko nyuma ya hapo, katika utumbo wa nyuma, yaani sikamu, ule mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na utumbo mpana wenyewe. Vinafanya kazi kubwa ya kuvunja nyuzinyuzi za nyasi na kumpa mnyama nguvu. Lakini protini inayowafikia huko huigeuza sehemu kubwa kuwa amonia. Amonia huingia katika damu, ini huibadilisha kuwa urea, na urea hutoka na mkojo. Ile protini ya miili ya vijidudu wenyewe hutoka na mavi, kwa sababu utumbo wa nyuma haufyonzi asidi amino kwa kiasi cha maana.

Mfikirieni mtu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na poni mmoja. Ana chakula cha ng'ombe kilichotiwa urea ili namba ya protini kwenye gunia ipande. Ng'ombe wanakamuliwa vizuri, naye anasema, mbona nisimpe na poni? Anampa. Poni hafi, kwa sababu huvumilia urea kuliko ng'ombe. Lakini hanufaiki. Urea ile hufyonzwa mapema na kutoka na mkojo, na mwenye poni ataona tu kwamba mnyama anakunywa maji mengi na banda linawasha macho asubuhi. Kwenye gunia imeandikwa "protini ghafi". Namba hiyo hupatikana kwa kupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Kipimo hakijui kama naitrojeni imetoka kwenye soya au kwenye mbolea ya urea.

Na hapa Mombasa kuna gharama nyingine. Kuondoa naitrojeni iliyozidi huongeza joto mwilini na huongeza maji anayohitaji mnyama. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, poni anayebeba watoto ufukweni hahitaji joto la ziada kutoka tumboni mwake.

Sasa anahitaji kiasi gani? Chukueni poni wa kilo 200. Akiwa amepumzika, makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa lishe ya farasi ni gramu 1.26 za protini ghafi kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 252 kwa siku. Akifanya kazi nyepesi, gramu 280 hivi. Jike anayenyonyesha, mwezi wa kwanza, huhitaji zaidi ya gramu 600, na huyo ratiba yake ni tofauti kabisa.

Pigeni hesabu pamoja nami. Poni huyu anakula nyasi kavu kilo nne na nusu kwa siku, ambazo zina kilo nne hivi ukiondoa unyevu. Nyasi za Boma Rhodes zilizokatwa zinapoanza kuchanua zinaweza kuwa na protini asilimia 8. Hiyo ni gramu 320. Amepata! Nyasi peke yake zimemtosheleza. Lakini nyasi zilizoachwa zikakomaa hadi zikawa ngumu kama fagio hushuka hadi asilimia 5. Kilo nne zitatoa gramu 200, na sehemu ya hizo imefungwa ndani ya nyuzi ngumu ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzifungua. Basi kabla hujanunua mashudu, tazama nyasi. Zina majani au ni vijiti vitupu? Zina rangi ya kijani kwa ndani ukilifungua bunda? Ukitaka ushauri wangu, pesa ya kwanza iende kwenye nyasi bora. Mashudu yaje kuziba pengo.

Na mashudu hayalingani. Hapa pwani tuna bahati ya mashudu ya nazi. Yana wanga kidogo, jambo jema kwa poni, na protini yake ni asilimia 20 hivi. Lakini yana upungufu wa lisini, ile asidi amino ambayo ikikosekana hizo nyingine haziwezi kujenga kitu. Gramu 400 za mashudu ya nazi hutoa gramu 80 za protini na takriban gramu 2 tu za lisini. Gramu 200 za mashudu ya soya hutoa gramu 88 za protini na lisini ya gramu 5 na zaidi. Nusu ya uzito, lisini zaidi ya maradufu. Poni wetu wa kazi nyepesi anahitaji lisini gramu 12 hivi kwa siku, pamoja na ile ya nyasi. Yafaa basi kuchanganya: nazi kwa ajili ya nguvu, soya kidogo kwa ajili ya lisini.

Sasa tuje kwenye namna ya chakula, yaani kimeandaliwaje. Hapa nitakaa kidogo.

Soya mbichi ina kitu kinachozuia trypsini, kimeng'enya kile kile kinachokata protini katika utumbo mwembamba. Mtu akisaga soya mbichi nyumbani na kumtilia poni, amemletea protini na kufuli yake. Lazima ipikwe au ikaangwe sawasawa. Lakini moto ukizidi nao huharibu: lisini hushikana na sukari, ikawa haifyonzwi tena. Mashudu yaliyoungua, yenye rangi ya kahawia iliyokolea na harufu ya kuungua, yana protini kwenye karatasi tu. Yakiwa ya nazi, nuseni pia kama mafuta yamechacha. Katika unyevu wetu huu gunia lililofunguliwa halikai. Nunua la wiki chache, liweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Halafu kuna kutafuna. Farasi hutoa mate anapotafuna tu, lakini tumbo lake hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali. Kilo moja ya nyasi ndefu humchukua farasi dakika 40 hivi, na poni huchukua muda mrefu zaidi. Kilo moja ya nafaka huisha kwa dakika kumi. Kwa kila kilo ya nyasi hutoka mate lita 3 hadi 5. Kwa nafaka, lita moja au moja na nusu. Mate hayo hulowesha chakula na kupunguza ukali wa asidi. Sasa mpe poni unga mkavu wa pumba. Anaulamba, haumtoi mate, unafanya bonge, unakwama kooni. Utaona ananyosha shingo, anakohoa, na ute wenye chakula unatoka puani. Hapo ondoa chakula na maji, muache ainamishe kichwa, muite daktari wa mifugo. Usimmiminie maji mdomoni kwa chupa, yataingia mapafuni.

Unga uloweshwe. Tia maji hadi ukifinya mkononi ushikane bila kuchuruzika. Vidonge vya chakula viloweke dakika 20 hadi 30 mpaka visambaratike. Kisha vilishwe mara moja, kwa sababu katika joto la Mombasa chakula kilicholowa huanza kuchacha baada ya saa chache, na hori lisilooshwa huchachusha cha kesho pia. Vikiliwa vikavu, tandaza kwenye hori pana, weka mawe mawili makubwa laini ambayo hawezi kuyameza, ale akiyazunguka.

Je, nyasi zilizosagwa au kutengenezwa vidonge zinaweza kushika nafasi ya nyasi ndefu? Protini yake haipotei kwa kusagwa. Lakini huliwa haraka, hupita haraka, na nyuzinyuzi hazikai na vijidudu muda wa kutosha. Poni anabaki amesimama saa nyingi hana cha kutafuna, anaanza kuguguna mbao na mikia ya wenzake. Ziwafae poni wazee wasio na meno, zikiwa zimeloweshwa. Ukikata nyasi ndefu kwa panga au mashine, ziache na urefu wa sentimita tano au zaidi.

Na meno! Poni anayedondosha mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu, au mwenye nyuzi ndefu katika mavi, hata umpe soya ya dunia nzima hatanenepa. Meno yatazamwe angalau mara moja kwa mwaka.

Vijana wa ufukweni, hili ni lenu: msilishe juu ya mchanga. Mchanga humezwa na chakula, hutulia chini katika utumbo mpana, na huleta maumivu ya tumbo yanayoua. Chukueni punje sita za mavi zisizogusa ardhi, tieni kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ongezeni maji, vunjeni, ning'inizeni dakika kumi na tano. Mchanga ukionekana chini ya mfuko, hori lenu lina kasoro.

Sasa saa za kulisha.

Mfuko wa tumbo wa farasi wa kilo 500 hubeba lita 8 hadi 15. Wa poni wa kilo 200 ni mdogo mno kuliko huo. Mfikirieni punda au poni aliyefanya kazi tangu asubuhi bila kitu tumboni. Saa 12 jioni mwenyewe anamhurumia, anamwekea ndoo nzima ya mahindi na pumba, na kando yake bunda la nyasi. Mnyama ana njaa, anafagia ndoo. Tumbo limejaa kupita kiasi, linasukuma chakula mbele kabla hakijashughulikiwa. Kinapita utumbo mwembamba haraka, vimeng'enya havikipati vizuri. Protini inafika nyuma na kuwa amonia. Wanga unafika nyuma na kuwa asidi, vijidudu vya nyuzinyuzi vinakufa, sumu inaingia katika damu, na keshokutwa mnyama anasimama akiegemea visigino, kwato za mbele zina moto. Huruma ile ile ndiyo iliyomlemaza.

Basi wanga usizidi gramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja. Poni wa kilo 200: gramu 200 za wanga, ambazo ni takriban gramu 300 za mahindi. Si ndoo. Si gorogoro. Na gorogoro yenyewe hupima ujazo, haipimi uzito: inayobeba kilo 2 za mahindi haifikishi hata kilo moja ya pumba za ngano. Pima kila chakula kwa mizani mara moja, kisha tia alama kwenye kopo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, nyasi zitangulie au mashudu yatangulie? Hapa pana mvutano wa kweli. Nyasi nyingi zikiliwa pamoja na chakula cha protini huzidisha ujazo na kukiharakisha kwenda nyuma. Katika majaribio ya kupima damu ya farasi, chakula cha protini kilichotangulia nyasi kwa saa mbili hivi kiliacha asidi amino nyingi zaidi katika damu kuliko vilipoliwa pamoja. Lakini mnyama mwenye tumbo tupu hatakiwi kuanza na ndoo, kwa sababu ya vidonda vya tumbo na kwa sababu atabugia. Tufanyeje?

Nyasi nyingi ziliwe usiku. Poni asifikishe alfajiri akiwa na tumbo tupu. Wavu wake wa nyasi uwe na matundu madogo ili udumu. Saa 11 alfajiri tazama wavu. Kama uliisha zamani, mpe robo kilo ya nyasi, amalize. Ndipo umpe nusu ya chakula cha protini cha siku, kimeloweshwa, na konzi moja tu ya nyasi zilizokatwa ndani yake ili asikimbilie. Saa 1 asubuhi mpe kilo moja ya nyasi. Kazi nzito isianze mara tu baada ya mlo. Mchana, kivulini, kilo moja tena. Jioni akishapoa na kunywa maji, robo kilo ya nyasi, kisha nusu ya pili ya chakula cha protini. Baada ya saa mbili, nyasi zote zilizobaki, takriban kilo mbili, za usiku. Mwanya ni wa saa mbili. Usiwe wa saa nane! Kama huwezi kuwepo kuurudisha wavu baada ya saa mbili, uache mwanya, muwekee nyasi tu. Faida ya mpangilio ule ni ndogo kuliko hasara ya tumbo tupu.

Mwezi wa Ramadhani saa za mwenye punda hubadilika. Za punda zisibadilike ghafla. Mnaoamka kula daku mna nafasi nzuri: ongezeni nyasi wakati huo huo. Lakini mlo wa mashudu ubaki kwenye saa zake.

Punda nao niwaseme. Punda hutunza naitrojeni vizuri kuliko farasi. Hurudisha urea yake tumboni badala ya kuimwaga yote. Anayepumzika hahitaji mashudu. Nyasi za kawaida na mabua safi humtosha, akizidishiwa hunenepa shingo mpaka ikalala upande. Na mkitaka kumpunguza, msimfungie chakula. Punda au poni mnene akikaa siku moja bila kula, mafuta hufurika katika damu na ini hushindwa.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvipa kwa sababu vina protini au ni rahisi kupatikana, navyo huua au hudhuru. Lusina, mti wa malisho unaoota kila mahali pwani, ina sumu iitwayo mimosini. Farasi na punda wakiila sana hunyonyoka singa za shingo na mkia, na kwato huharibika. Chakula cha kuku chaweza kuwa na monensini, dawa ya kuzuia kokisidiosisi, ugonjwa wa matumbo ya kuku. Kiasi kidogo, miligramu 2 au 3 kwa kilo ya uzito, hutosha kuusimamisha moyo wa farasi. Na mahindi yenye ukungu: fumonisini, sumu ya ukungu huo, huozesha ubongo wa farasi na punda, na tiba hakuna. Mahindi yaliyokataliwa na binadamu msiwape punda.

Maji yawe mbele yake daima. Poni wa kilo 200 aliyepumzika hunywa lita 10 hivi, na katika jua na kazi yaweza kuwa maradufu. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, naye akiyachukia atakunywa kidogo na chakula kitagandamana tumboni. Pima ndoo, ujue amekunywa ngapi.

Mkirudi nyumbani, anzeni na uzito. Zungusheni futi ya fundi cherehani kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Pimeni pia urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kipimo cha kifua mara kifua, mara urefu, vyote kwa sentimita, gawanyeni kwa 11,880. Kifua sentimita 140 na urefu 125 hutoa kilo 206. Hiyo ni kwa farasi na poni. Punda ana kanuni yake, muulizeni daktari wa mifugo. Kisha badilisheni chakula polepole, siku 10 hadi 14, hata kama ni nyasi za shamba lingine tu, kwa sababu vijidudu vya nyuma vinahitaji muda huo. Pimeni tena baada ya wiki nne. Tazameni misuli ya pande mbili za uti wa mgongo, na mnuse banda alfajiri kabla halijafagiwa. Kama harufu ya amonia imepungua na mgongo umeanza kujaa, msiongeze kitu.

Sasa tuingie kwenye maswali. Waliokuja na sampuli za nyasi wazilete mbele.